Bunduki ya kwanza ya kuundiwa: anza na risasi, mtambo utafuata

Swali: Shikamoo fundi. Nina leseni na bunduki moja ya kiwandani ya .308 ambayo nimeipigia shabaha hadi mita 300. Sasa nataka kuundiwa yangu ya kwanza, ya kulenga karatasi na bamba za chuma hadi mita 800, nikiwa nimelala kifudifudi. Orodha yangu ni hii: mtambo wa titaniamu, mtutu wa kaboni wa inchi 26 wa .300 Winchester Magnum, chasisi ya alumini, triga ya gramu 200 na breki mdomoni. Darubini nitanunua kwa pesa zitakazobaki. Nibadilishe nini, na ninunue nini kwanza? Halafu, ile ya zamani niiuze?

Jibu: Marahaba. Kila kitu kwenye orodha yako ni kizuri kikiwa peke yake. Shida ni kwamba havijuani. Mtambo, yaani ule mwili unaobeba bolti ya kufungia risasi ndani, na mtutu ni vya mtu anayepanda mlima na bunduki begani akimtafuta mnyama. Triga ni ya mtu anayepiga juu ya benchi la zege. Na darubini, ambayo ndiyo itakayokuonyesha kama umegonga chuma cha mita 800 au umegonga udongo pembeni yake, umeiachia makombo. Kwa hiyo sitafuata mpangilio wako. Nitaanza na aina ya risasi, maana ndiyo inayoamua urefu wa mtambo, uso wa bolti, msokoto wa mifereji ya ndani ya mtutu, magazini, na hata muda ambao mtutu utadumu.

Lakini kabla ya risasi kuna karatasi mbili za kusoma.

Ya kwanza ni sheria ya pale unapoishi. Wengi hudhani kwamba kwa kuwa wana leseni ya bunduki moja, vipuri vya nyingine ni bidhaa tu kama vipuri vya baiskeli. Sivyo. Marekani, kwa sheria ya mwaka 1968, mwili wa mtambo peke yake huhesabiwa kuwa bunduki. Mtutu hauhesabiwi hivyo. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la 2021/555, mtutu na bolti navyo ni vipuri vya msingi vinavyodhibitiwa kama bunduki yenyewe. Na katika nchi wanachama wa C.I.P., chombo cha kimataifa kilichoanza mwaka 1914, silaha iliyobadilishwa mtutu hupelekwa kwanza kwenye kituo cha majaribio, ikapigwa kwa risasi za shinikizo la juu na kugongwa mhuri ndipo iuzwe au itumike kihalali. Kwa hiyo muulize fundi bunduki mwenye kibali na ofisi inayokupa leseni kabla hujaagiza chochote, hasa kama kinavuka mpaka.

Karatasi ya pili ni kanuni za mashindano. Hukusema kama unataka kushindana, lakini mtu anayelala kifudifudi na kulenga mita 800 haichukui muda kabla rafiki hajamvuta kwenye mashindano. Chukua F-Class kwa mfano, mashindano ya kulenga mbali ukiwa umelala, kwa darubini. Daraja la F-TR linaruhusu risasi mbili tu, .223 Remington na .308 Winchester, na bunduki pamoja na miguu yake na darubini visizidi kilo 8.25. Ukija na kitu kingine chochote, hata kiwe kipole namna gani, unapelekwa F-Open, ambako watu wana bunduki za kilo 10 zinazoteleza juu ya mifuko ya mchanga. Ukiingia mita 300 ya Bunduki ya Kawaida chini ya ISSF, shirikisho la kimataifa la michezo ya shabaha, triga haitakiwi kuwa nyepesi kuliko gramu 1500. Ile yako ya 200 ingekufukuzisha kwenye meza ya ukaguzi kabla hujalala chini. Na breki mdomoni mashindano kadhaa hayaitaki kabisa. Soma kwanza.

Sasa risasi.

Sababu ya kuchagua .300 Winchester Magnum naijua: mita 800 zinasikika nyingi, na jina Magnum linasikika kama jibu. Risasi hiyo imekuwepo tangu 1963 na haina kosa lolote, ila inakula baruti karibu greni 70 (greni ni kipimo kidogo cha uzito) kila ukifyatua, wakati 6.5 Creedmoor inatumia greni 42 hivi. Katika bunduki mbili za uzito mmoja, teke la Magnum ni takribani mara mbili. Karatasi haitambui tofauti hiyo. Bega lako litaitambua. Na si suala la maumivu tu. Bunduki ikiruka, darubini nayo inaruka, na unapoteza kile kinachomfundisha mpigaji kuliko mwalimu yeyote: kuona kwa macho yako mwenyewe risasi yako imetua wapi. Breki ingepunguza teke, nakubali, ila ingempigia jirani yako wa kulia na wa kushoto upepo na kelele za usoni kila unapofyatua, na wewe ungetimuliwa vumbi mbele ya darubini.

Halafu kuna koo la mtutu, yaani pale mifereji inapoanzia mbele ya chemba, chumba kinamokaa risasi. Gesi ya moto ndiyo inayolila. Mtutu wa .308 mara nyingi huvuka risasi 5,000 ukiwa bado unapiga vizuri. Wa 6.5 Creedmoor huanza kuchoka kati ya 2,000 na 3,000. Magnum kama hiyo, ukiitumia kwa shabaha na kuipasha moto, huenda isifike 2,000. Mtu anayejifunza anahitaji kupiga risasi nyingi, kwa hiyo hesabu hiyo ni yako.

Ningekupa chaguo mbili tu. Kama unawaza F-TR, kaa na .308: imekuwepo tangu 1952, risasi zake za mashindano ziko kila mahali, na tayari unaijua. Kama hufungwi na kanuni, chukua 6.5 Creedmoor, iliyotoka kwa kampuni ya Hornady mwaka 2007 kwa kazi hii hii. Kichwa chake cha greni 140, yaani kile kipande kinachoruka, ni kirefu na chembamba, kinapasua hewa kwa urahisi. Kikitoka kwa kasi ya karibu mita 820 kwa sekunde, hufika mita 800 kikiwa bado kinakwenda haraka kuliko sauti, na kina akiba. Kichwa cha .308 cha greni 175 nacho hufika, lakini kikishapita mita 900 hivi kinashuka hadi kwenye mpaka wa kasi ya sauti, na hapo ndipo vichwa huanza kuyumba. Kwa mita zako 800 zote mbili zinatosha. 6.5 itakusamehe zaidi pale unapousoma upepo vibaya, na mwanzoni utausoma vibaya sana.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani dukani. 6.5 Creedmoor na .308 zina kitako cha ganda chenye kipenyo kilekile, inchi 0.473, na zote huingia kwenye mtambo mfupi. Maana yake ni kwamba bolti ileile, magazini yaleyale na kitako kilekile cha bunduki vitakuhudumia kwa zote mbili, na pia kwa .243 na 7mm-08. Mtutu ukichoka unabadilisha mtutu peke yake. Magnum inadai mtambo mrefu na bolti yenye uso mpana, na siku ukiichoka huwezi kurudi nyuma bila kuanza upya.

Swali ambalo hukulijibu, na linabadilisha mambo: unapakia risasi zako mwenyewe au unanunua za kiwandani? Nitachukulia unanunua. Basi mwambie fundi aichonge chemba ya vipimo vya kawaida, usikubali chemba maalumu yenye shingo ya kubana uliyoisikia kwa watu wanaojipakia. Ukiwa unajipakia, fanya hivi: chukua ganda tupu, lisilo na fataki wala baruti, ubandike juu yake kichwa cha risasi ulichokichagua kwa urefu unaoingia kwenye magazini yako bila kukwaruza. Mpelekee fundi risasi hiyo bubu. Ataipima na kulichonga koo la mtutu lilingane nayo. Nimewaona watu waliotumia pesa nyingi kwa mtutu, kisha wakagundua kwamba ili kichwa kikaribie mifereji, risasi inakuwa ndefu kuliko magazini. Wakabaki kupakia moja moja kwa mkono.

Sasa tukae kwenye mtutu, maana kama kuna mahali pa kutofanya ubahili ni hapa.

Mitutu mizuri ya shabaha hutengenezwa kwa njia kuu mbili. Kuna inayokatwa mfereji mmoja mmoja kwa kisu kidogo kinachopita mara nyingi sana, kila safari kikikwangua unyuzi wa chuma usioonekana. Krieger na Bartlein wanajulikana kwa hiyo. Na kuna inayopitishiwa kitufe kigumu cha kabaidi kinachosukuma chuma na kuacha alama ya mifereji kwa mkupuo mmoja, kama wafanyavyo Shilen na Hart. Ya kitufe huhitaji kutulizwa kwa joto ili chuma kisibaki na mkazo ndani, na watengenezaji wazuri hufanya hivyo. Ipi bora? Watu hukesha wakibishana. Watu wameshinda mashindano kwa zote mbili, na tofauti kati ya mtengenezaji makini na mzembe ni kubwa kuliko tofauti kati ya kisu na kitufe. Njia ya tatu, ya kufua kwa nyundo, ndiyo iliyotengeneza mitutu mingi ya viwandani, pengine na huo ulionao.

Chuma kisichoshika kutu cha 416R ndicho kilichozoeleka kwa mitutu ya shabaha. Kile cha kromu na molibdenamu, 4140, nacho hupiga vizuri, ila kinataka mafuta na uangalizi. Chukua 416R uendelee na maisha.

Kaboni je? Mtutu wa kaboni ndani yake ni chuma kilekile, kimekonduliwa na kuzungushiwa nyuzi. Mifereji na koo ni vya chuma, na vinaliwa na moto sawasawa na vya mtutu mwingine. Unacholipia ni wepesi. Wewe utalala chini, bunduki ikiwa juu ya miguu yake na mfuko wa mchanga. Wepesi haukusaidii chochote, unakudhuru: bunduki nzito hutulia na hupiga teke dogo. Kwa hiyo mtutu mnene wa chuma tupu, na mtambo wa chuma badala ya titaniamu. Hapo peke yake umeokoa sehemu nzuri ya pesa ya darubini.

Urefu: inchi 24 hadi 26. Kila inchi unayoikata inakupunguzia kasi ya mita 6 hadi 8 hivi kwa sekunde, ambayo kwa mita 800 si kifo. Kama huwa unapita kwenye milango na magari na bunduki ndani ya begi, 24.

Msokoto ndipo wengi hukosea, kwa sababu huonekana kama namba ndogo mwishoni mwa tangazo. Namba 1:8 maana yake kichwa cha risasi huzunguka mara moja kamili kila kinapotembea inchi 8 ndani ya mtutu. Kikizunguka polepole mno, kinapinduka hewani na kutoboa karatasi kikiwa ubavu, na tundu linatoka na umbo la tundu la ufunguo. Profesa wa hesabu Mwingereza, George Greenhill, alitoa kanuni mwaka 1879 ambayo unaweza kuifanya kwa simu yako: 150, zidisha kwa kipenyo cha kichwa mara mbili mfululizo, gawanya kwa urefu wake, vyote kwa inchi. Chukua kichwa cha .308 chenye urefu wa inchi 1.2. Kipenyo 0.308 mara 0.308 ni 0.0949, mara 150 ni 14.2; gawa kwa 1.2 unapata karibu 11.9. Ndiyo maana mitutu mingi ya zamani ya .308 ilikuwa 1:12. Sasa fanya kwa 6.5 yenye kipenyo cha 0.264 na urefu wa karibu 1.4: unapata 7.5. Kanuni hii ni ya zama za kasi ndogo kuliko zetu, kwa hiyo huwa na tahadhari kidogo, na 1:8 inatosha vizuri kabisa kwa greni 140.

Angalia jambo moja katika hesabu hiyo: uzito wa kichwa haumo. Kinachodai msokoto ni urefu. Vichwa vya shaba tupu visivyo na madini ya risasi ndani ni virefu kuliko vya uzito uleule vyenye madini hayo, na vinahitaji msokoto mkali zaidi. Kama viwanja vyako vimekataza madini ya risasi, au vinaelekea huko, mwambie mtengenezaji wa mtutu mapema.

Ukishapata mtutu, lazima ukutane na mtambo. Kuna njia mbili halali za kufanya hivyo. Ya kwanza ni fundi bunduki akereze uzi, achonge chemba na kupima, yote kwa mtambo wako uliopo mezani pake. Ya pili ni mitutu iliyokwisha kuchongwa tayari kwa ajili ya aina fulani ya mtambo wa kisasa. Baadhi ya watengenezaji wa mitambo sasa wanashikilia vipimo kwa ukaribu mno kiasi kwamba mtutu ukichongwa mahali pengine unaingia na kukaa sawa. Kampuni ya Savage walikuwa na jibu lao tangu modeli 110 ya mwaka 1958: nati kubwa inayokaza mtutu mahali popote unapotaka ukae.

Kwa njia yoyote, kipimo cha mwisho ni kilekile: nafasi kati ya uso wa bolti na bega la chemba. Fundi ana geji mbili za chuma kigumu. Kwa .308, bolti lazima ijifunge juu ya geji ya inchi 1.630 na isikubali kujifunga juu ya ile ya 1.634. Tofauti ni inchi 0.004, sehemu ya kumi ya milimita. Unywele wa kichwani haukosani sana na hapo. Nafasi ikizidi, ganda linanyooka kila unapofyatua, linakonda karibu na kitako chake, na siku moja linakatika vipande viwili huku gesi ikitafuta njia ya kutokea karibu na uso wako. Kwa hiyo hata ukinunua mtutu wa kuingia moja kwa moja, bunduki hii ya kwanza ikakazwe na kupimwa na fundi mwenye kibali, wewe ukisimama pembeni ukitazama. Na hakikisha jina la risasi limegongwa juu ya mtutu. Siku kabati lako likiwa na bunduki mbili zinazofanana, utashukuru.

Mtambo wenyewe hautanichukua muda. Nunua uliofuata nyayo za Remington 700. Modeli hiyo ilitoka 1962, na umbo lake la chini, matundu ya skrubu na nafasi ya triga vimeigwa na karibu kila mtengenezaji wa vipuri, hata wale ambao mitambo yao haina uhusiano mwingine wowote nayo. Ukiwa ndani ya nyayo hizo, vitako, chasisi na triga utavipata bila kubembeleza mtu. Ukitoka nje yake, uwe na sababu. Bolti ya meno mawili inanyanyuliwa nyuzi 90, ya meno matatu nyuzi 60. Ya pili ina haraka ila huwa nzito kidogo kunyanyua. Jaribu zote mbili kwa mkono wako kabla hujaamua. Na kama wewe ni wa mkono wa kushoto, agiza mtambo na kitako vya kushoto vyote viwili. Usicheke, imewahi kutokea kufika kimoja tu.

Triga: kati ya gramu 700 na 1000. Triga ya gramu 200 kwa mtu aliyezoea ya kiwandani ni hatari, sina neno laini zaidi la kulitumia. Vidole vikiwa na baridi huhisi umegusa, kumbe umeshafyatua. Nyepesi sana, isipopimwa na kufungwa vizuri, inaweza kuachia hata bolti ikifungwa kwa nguvu. Chukua inayoweza kurekebishwa, ianze juu, ishuke kadiri mkono unavyozoea. Fundi aipime kwa kipimo cha kuvutia, kisha afunge bolti kwa nguvu mara nyingi bunduki ikiwa tupu na imeelekezwa pasalama, akiangalia kama pini inaachia. Na kifungo cha usalama kiwepo. Baadhi ya triga za mashindano huja bila hicho.

Kitako au chasisi, hapo nakuachia uhuru. Chasisi ya alumini hushika mtambo bila kazi ya ziada, na ina faida ya magazini za kuchomoa za mtindo wa AICS zinazopatikana kwa wingi. Kitako cha fiberglasi hukaa vizuri zaidi kwenye shavu, lakini fundi atalazimika kuulaza mtambo kwenye kitanda cha epoksi ili usitikisike. Nikitazama mtu akilala nyuma ya bunduki, siangalii rangi wala matundu ya kupozea. Naangalia shavu lake limetua wapi. Funga macho, lala, weka shavu, fungua macho. Kama unaona duara kamili la darubini bila kuinua wala kukandamiza kichwa, kitako ni chako. Kama sivyo, kinahitaji shavu la kupanda na kushuka na urefu wa nyuma unaorekebishika, na hivyo viwili ndivyo vya kulipia. Mtutu usiguse kitako popote mbele ya mtambo: pitisha kipande cha karatasi chini yake kutoka mdomoni hadi kwenye chemba. Kikikwama, kuna kazi bado.

Darubini sasa. Iingize kwenye bajeti kabla ya mtambo, sambamba na mtutu. Ukizungusha kitasa cha mibofyo kupanda mrad 7 na kurudi sifuri, lazima irudi sifuri kwelikweli. Vioo vizuri visivyorudi sifuri havina kazi kwenye bunduki hii. Mrad moja ni sentimita 10 kwa mita 100, na mbofyo wa kawaida ni sehemu ya kumi yake, sentimita 1. Kwa 6.5 iliyosawazishwa mita 100, mita 800 hudai kupanda karibu mrad 7; .308 karibu 9. Kwa hiyo darubini yenye safari ya jumla ya mrad 20 inakupa 10 za juu tu ukiwa katikati, na ukiweka reli ya kufungia darubini iliyoinama dakika 20 (dakika za pembe, si za saa) unaongezewa karibu 5.8. Hapo unapumua. Ukuzaji wa mara 15 hadi 25 unatosha. Ukizidisha, siku ya jua kali utakuwa unatazama mawimbi ya joto yaliyokuzwa. Mistari ya ndani na vitasa viwe vya kipimo kimoja, mrad kwa mrad. Ni ajabu, lakini bado zinauzwa zenye mistari ya mrad na vitasa vya dakika, na mwenye nayo anafanya hesabu ya kugawanya huku upepo ukibadilika.

Pete za darubini zikazwe kwa spana ya kupimia nguvu, si kwa mkono unaoamini unajua. Skrubu za pete nyingi hutaka kama Nm (newton-mita) 2 tu. Skrubu za mtambo kwenye chasisi ya alumini hutaka karibu Nm 7. Fuata karatasi ya mtengenezaji wako ikisema tofauti. Bunduki nyingi ninazoletewa kwa sababu "mtutu umeharibika" huwa hazina kasoro zaidi ya skrubu iliyolegea.

Mtutu mpya ukija, usipoteze siku nzima ukipiga risasi moja na kusafisha, moja na kusafisha. Ufundi huo una wafuasi wake, mimi simo. Safisha mafuta ya kiwandani, sawazisha, piga. Na unapojaribu risasi za aina tofauti, piga kumi kwenye kila karatasi. Makundi ya risasi tatu hudanganya: mazuri ni bahati, mabaya ni bahati, na watu huishia kutupa risasi nzuri kwa sababu ya Jumamosi moja.

Kuhusu mpangilio wa ununuzi: mtutu uagize kwanza, kwa sababu watengenezaji wazuri huwa na foleni. Darubini ifuate, uifunge juu ya .308 yako na kuizoea wakati unasubiri. Kitako na triga vinaweza kuja mwisho.

Na hilo linanileta kwenye bunduki ya zamani. Usiiuze bado. Hukuniambia ni ya aina gani, na hapo ndipo pengine pesa zako zimejificha. Kama mtambo wake ni wa nyayo za 700, au ni aina ambayo mitutu yake hupatikana, bolti yake ina uso wa inchi 0.473 unaopokea 6.5 Creedmoor bila kuguswa. Mpelekee fundi aukague: atazame kama meno ya bolti yote mawili yanagusa sawasawa, kama uzi wa mbele umenyooka, kama uso umekaa mraba. Vikiwa sawa, ubadilishiwe mtutu, upewe kitako na triga, na mtambo mpya ungoje. Kasoro yake ni moja: wakati mtutu wa zamani ukifunguliwa huna cha kupigia. Kwa hiyo asiufungue mpaka huo mpya uwe umefika mezani kwake.